Mstari Mtupu wa Sauti ya Pili

Jumatatu ile Dada Maoni alifika kazini akiwa amechoka tayari, na mtu akifika kazini amechoka tayari, jamani, siku yake usiiulize. Alitundika mkoba nyuma ya kiti, akawasha kompyuta, akajimiminia chai iliyokuwa vuguvugu tangu ndani ya chupa, kisha akakaa kuyatazama maoni ya watumiaji yakijipanga kwenye kioo, kila moja na hasira zake.

Jina lake halisi pale ofisini lilishasahaulika. Alikuwa Dada Maoni kwa sababu kazi yake ilikuwa kujibu maoni, basi. Kampuni yao ilikuwa imetoa programu mpya ya kuandikia muziki. Mwalimu wa kwaya anakaa na kompyuta yake, anaandika do, re, mi zake, kila sauti na mstari wake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Programu inampangia, inamchapishia, hata kumwimbia inamwimbia. Ilikuwa programu nzuri, tusiionee. Lakini mtu akikwama na kitu kipya hamtafuti aliyekitengeneza. Anabonyeza kitufe cha Toa Maoni, na mzigo wote unamwangukia Dada Maoni.

Asubuhi hiyo mmoja alilalamika kwamba sauti ya nne ya programu inaimba kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mwingine aliuliza kwa nini programu haimtungii wimbo, maana alidhani ndiyo kazi yake. Bibi mmoja alisema rangi ya kitufe cha kuhifadhi inamtia huzuni. Halafu yupo yule bwana wa kila siku, ambaye mashine yake ya kuchapisha haikuwa na wino, na kila siku aliandika kwa herufi kubwa tupu kuwatukana wao. Wino wake, makosa yao!

Wote hao Dada Maoni aliwajibu kwa maneno yaleyale aliyoyaweka tayari, akiyabandika kama stempu: "Ndugu mtumiaji, tunakushukuru kwa maoni yako. Timu yetu imeyapokea na inayafanyia kazi." Timu! Timu ilikuwa yeye, na feni inayolia kila inapogeuka kushoto, na birika. Chumba cha pili alikaa Fundi, mwanamume aliyeiandika programu yenyewe, masikio yameziba kwa vidude vya kusikilizia kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukitaka kuzungumza naye sharti umpige begani, na ukimpiga begani anashtuka kama aliyemwagiwa maji.

Ujumbe aliouogopa ulikuwa wa saba kutoka juu. Aliuona, akauruka. Akajibu wa chini yake, akajibu wa chini zaidi, akaenda kuchemsha maji ambayo hakuyahitaji. Aliporudi ulikuwa bado pale.

"Enyi wenye programu," uliandikwa. "Mstari wa sauti ya pili umefutwa tena. Nimeuweka, nimehifadhi, nimefunga. Nimefungua, haupo. Nimewaambia mara ngapi? Kila siku mnasema timu inafanyia kazi. Timu gani hiyo isiyomaliza kazi? Mwalimu wa Kwaya."

Sasa, walimu wa kwaya duniani ni wengi. Lakini anayeanza na "enyi" Dada Maoni alimjua mmoja tu. Enyi besi, mmelala? Enyi wa nyuma, mnaimba au mnatafuna? Alikuwa akiisikia "enyi" hiyo kabla hajajua kufunga viatu. Kwaya nzima ilimwita mzee yule Mwalimu Kijiti, kwa ajili ya kijiti chake cha kuongozea, ambacho alikigonga mezani mpaka meza ikafanya shimo. Dada Maoni alimwita Baba.

Na Baba hakujua hata kidogo kwamba timu anayoitukana ni mwanawe. Alijua binti yake ameajiriwa "kwenye mambo ya kompyuta", mwisho. Hawakuwa wamezungumza kwa miaka mitatu.

Hebu nieleze vizuri, maana hapa ndipo kiini cha mambo. Nyumbani kwao wimbo uliandikwa hivi: Baba alikaa mezani akaandika sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne. Mstari wa sauti ya pili aliuacha mtupu. Akimaliza, aliisukuma karatasi ng'ambo ya meza bila kusema neno, na binti yake aliyekaa ng'ambo hiyo akaujaza. Ilianza akiwa msichana wa shule, siku moja Baba alipokwama, na tangu hapo hawakufanya vingine. Marehemu mama yake alikuwa akiwapitia na sufuria mkononi, anacheka, anasema hawa wawili wakinyang'anywa karatasi watakuwa mabubu. Nyimbo zikatoka, kwaya ikasifiwa, na hakuna aliyejua wapi baba ameishia na wapi binti ameanzia.

Ndipo ikaja jioni ya ule ugomvi. Ukumbi umejaa, waimbaji wamesimama na karatasi mkononi, wamefika karibu na mwisho wa wimbo, Baba akagonga kijiti. "Simama. Nani kaandika hivi?" Kana kwamba hamjui! Akasema sauti ya pili haipandi. Sauti ya pili inakaa katikati, inawabeba wenzake, inanyamaza kuhusu habari zake. "Wewe unapanda, unapanda, unaikalia sauti ya kwanza kichwani, kama mtu anayetafuta kuonekana." Akachukua kalamu, mbele ya watu wote, akapiga mstari juu ya kazi yake.

Kutafuta kuonekana! Yeye, ambaye miaka yote ile jina lake halikuwahi kuandikwa hata kwenye kona ya karatasi. Dada Maoni alishusha karatasi kitini, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, "Basi andika mwenyewe." Akatoka. Baba hakumwita, naye hakugeuka. Na sijui mimi nimlaumu nani, maana wote wawili shingo zao zilitoka kwa fundi mmoja, hazipindi.

Tangu siku hiyo kwaya iliimba sauti tatu. Waliokuwa sauti ya pili walihamishiwa ya kwanza, wakawa wanafuata tu. Baba hakuandika mwenyewe.

Saa ya chakula cha mchana simu ikaita, Shangazi. Huyu ni dada wa Baba, mwanamke asiyejua kuzungumza kwa kifupi wala kwa upole.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekula? Hujala. Sauti yako ya mtu ambaye hajala. Sikiliza, baba yako Jumamosi anakabidhi kwaya."

Dada Maoni aliacha kutafuna. "Anakabidhi kwa nani?"

"Kwa yule msaidizi wake, mwenye miwani. Mkono umemshinda, mwanangu. Unatetemeka, kalamu haishiki, akiandika nota moja inakuwa tatu. Si ndiyo tukampa ile kompyuta ya binamu yako, tukamwekea hiyo programu ya kuandikia muziki. Kidole kimoja anaweza, anabonyeza, anabonyeza. Ametunga wimbo wa kuagia. Anautaka uimbwe sauti nne, kama zamani."

"Na sauti ya pili?"

"Unaniuliza mimi? Mimi najua kuimba? Ninachojua, kila jioni anaigombeza kompyuta. Anasema inamfutia mstari. Jana amesema ikifuta tena anaifunga, anakabidhi kwaya hivyo hivyo na sauti tatu zake, na hataandika tena wimbo mpaka wamzike. Na unamjua. Akisema amesema."

"Shangazi, nimechoka."

"Nani hajachoka? Mimi magoti yamechoka tangu mwaka juzi, mbona natembea nayo? Mpigie simu baba yako."

"Yeye ndiye aliyenifukuza."

"Alikufukuza au uliondoka?" Shangazi akakata simu, kwa sababu alipenda kukata akiwa ameshinda.

Dada Maoni alikaa na kijiko mkononi. Chakula kilimkinaisha. Baba bila kuandika wimbo, huyo si Baba. Ni mzee fulani ameketi kwenye kiti cha Baba. Aliogopa. Alitaka akasirike, maana hasira alikuwa ameizoea kwa miaka mitatu na ilimkaa vizuri, lakini kilichokuja kilikuwa hofu tupu.

Akaenda kwa Fundi, akampiga begani. Fundi akaruka, akatoa kidude kimoja sikioni. Kimoja tu, ili ujue hukukaribishwa kukaa.

"Ile habari ya mstari kufutwa," akasema Dada Maoni.

"Haifutwi. Inasafishwa."

"Mtu ameweka mstari, anahifadhi, akifungua haupo. Huyo umemfutia."

"Mstari ulikuwa na nini ndani?"

"Hauna kitu."

"Basi." Fundi akafungua mikono. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Macho yalikuwa mekundu kwa kutazama kioo, na alizungumza taratibu kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Dada Maoni, umesahau? Toleo la kwanza watu walilia kwamba mistari mitupu inawajazia karatasi. Wewe mwenyewe ulikuja hapa, ukasimama hapo hapo uliposimama, ukaniambia Fundi, tuondolee hii mistari mitupu, maoni yananizidi. Nikaweka usafi. Tangazo uliliandika wewe."

Ni kweli aliliandika. "Sasa programu inaondoa yenyewe kila kisichotumika." Siku ile aliona ametua mzigo, hata akajinunulia soda.

"Lakini huyu anautumia," akasema.

"Anautumiaje mstari ambao hauna kitu?"

Dada Maoni angeelezaje? Angesema kuna meza, kuna karatasi inasukumwa?

"Ni mmoja tu anayelalamika," Fundi akasema. "Niletee mwingine, nitalitazama. Kwa sasa mwambie aweke alama za kimya mwanzo hadi mwisho. Programu ikiona kimya inajua kuna kitu, haigusi." Akarudisha kidude sikioni.

Ilikuwa njia nzuri, na njia nzuri isingemwuma mtu. Dada Maoni alirudi mezani akaandika: "Ndugu mtumiaji, pole kwa usumbufu. Tafadhali jaza mstari huo kwa alama za kimya, nao hautaondolewa. Timu yetu inakutakia kazi njema." Akatuma. Akajibu mwingine wa mbuzi, akajibu mwingine wa rangi ya kitufe. Feni ikalia ikigeuka kushoto.

Kesho yake asubuhi jibu lilikuwa limefika.

"Enyi wenye programu. Mnajua muziki nyinyi, au mnajua kompyuta tu? Kimya ni kitu kinachoandikwa. Nikimwandikia mwimbaji kimya, nimemwamuru anyamaze. Mimi sijaiamuru sauti ya pili inyamaze. Nimeiachia nafasi. Mtu akitoka nyumbani, kitanda chake hamkitoi nje mkasema hakitumiki. Rudisheni mstari wangu. Wimbo nimeuambatisha mjionee wenyewe. Mwalimu wa Kwaya."

Dada Maoni alisoma mpaka kwenye kitanda, akasimama, akaenda msalani. Alifungua bomba ili lipige kelele, akalia. Si sana. Alilia kama mtu aliyechoka anavyolia, bila nguvu, mkono umeshika ukuta. Sijaiamuru inyamaze. Miaka mitatu alikuwa na uhakika kwamba ndivyo alivyoamriwa hasa, mbele ya watu, kwa kalamu.

Alinawa, akarudi. Angeweza kumpigia simu hapo hapo. Namba aliijua kwa kichwa. Aliiandika yote kwenye simu, akaitazama, akaifuta tarakimu moja moja. Kiburi? Ndiyo, kilikuwepo. Lakini zaidi ilikuwa aibu: angeanza na neno gani? Shikamoo Baba, mimi ndiye timu?

Akajificha tena nyuma ya timu, akaandika: "Ndugu mtumiaji, tunaelewa. Je, haingekuwa rahisi zaidi uandike mwenyewe sauti ya pili, au umpe mtu mwingine aliye karibu?" Akabonyeza. Lilikuwa swali la hila, na alijua ni la hila, na alitaka jibu lake kuliko alivyotaka kitu chochote.

Mzee hakuchelewa. Lazima alikuwa amekaa hapo hapo, kidole kikitetemeka juu ya vitufe.

"Sauti ya pili si yangu. Mwenyewe yupo. Nilimsemea vibaya akaondoka. Akirudi asikute mtu amekaa mahali pake. Hamhitaji kujua zaidi ya hapo. Fanyeni kazi yenu."

Ah! Mzee yule, ambaye hajawahi kumwambia mtu samahani hata akimkanyaga mguu, ameiambia mashine. Ameiambia timu! Dada Maoni alicheka kidogo na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko, akayafuta kwa ukingo wa mtandio wake.

Ndipo akaufungua wimbo.

Hakuwa na nia ya kuandika. Nia yake ilikuwa kuangalia tu, kama mtumishi anayeangalia faili la mteja. Mistari mitatu ilijitokeza kwenye kioo, ya kwanza, ya tatu, ya nne, na kati ya wa kwanza na wa tatu hapakuwa na kitu. Programu ilikuwa imeshapasafisha. Akauongeza mstari wa sauti ya pili kwa mkono. Ukakaa pale mtupu, unasubiri.

Akaanza kusoma kwa kuimba puani. Kipimo cha kwanza cha nota, cha pili. Ni Baba huyo huyo, hatua zake fupi, besi yake inayotembea kama mtu mwenye viatu vizito. Nota nyingine zilikaa mahali pasipoeleweka, akajua ni kidole kilichoteleza, akazirekebisha bila kufikiri, kama alivyozoea kumtoa Baba uzi begani. Alipofika kipimo cha kumi na mbili, akanyamaza. Akarudi nyuma. Akaimba tena.

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Katika kila wimbo wa Baba palikuwepo mahali kama hapo, karibu na mwisho, maneno yanapopata joto, ambapo mkono wake ulikuwa ukimwasha kuipandisha sauti ya pili. Ni hapo alipopigiwa mstari siku ile. Unaikalia sauti ya kwanza kichwani. Na sasa, katika wimbo huu, Baba alikuwa ameichukua sauti ya kwanza akaipeleka juu, juu kuliko alivyowahi kuipeleka katika maisha yake, mwanamume aliyewahofia wanawake wa mbele wasije wakapasua koo. Sauti ya tatu akaiteremsha. Katikati akaacha uwazi. Ungeuimba wimbo hivyo, na sauti tatu, ungesikia shimo, mwanya wa mlango uliofunguliwa wote. Mtu asiyejua angesema mzee amechanganyikiwa, amesahau kutunga.

Hakuwa amesahau. Alikuwa amempisha.

Dada Maoni aliangalia kioo mpaka herufi zikacheza machoni mwake. Maoni mapya yaliingia upande wa kulia, moja, jingine, bwana wa wino amerudi na herufi zake kubwa. Aliyaacha. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliyaacha yajipange mpaka yachoke yenyewe.

Akaanza kuandika. Oh, kutu ilikuwa imeingia! Miaka mitatu si mchezo. Aliandika vipimo viwili, akavifuta. Aliandika tena, akaisikiliza programu ikimwimbia kwa ile sauti yake ya mbuzi, akasonya. Alijikuta anaimba kwa sauti, mkono mmoja unapiga mezani, na alipoinua macho Fundi alikuwa amesimama mlangoni, masikio wazi, vidude vinaning'inia shingoni.

"Kumbe unaimba," Fundi akasema.

"Nilikuwa naimba."

Fundi akatazama kioo. Akaona mstari uliokuwa mtupu unajaa. Akawa kama anataka kusema jambo, akakuna kidevu. "Ndiye yule mmoja? Anayelalamika?"

"Ndiye. Na mlalamikaji wa pili nimekupatia. Ni mimi."

Fundi alivirudisha vidude masikioni akaondoka, lakini pole pole, na baada ya muda kidogo alirudi akaweka kikombe cha chai ya moto mezani kwake.

Alipofika kipimo cha kumi na mbili, mkono ukasita. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa ameuona kwa macho yake. Lakini mtu aliyewahi kupigiwa mstari mbele ya watu hupanda akiangalia nyuma. Akapanda hatua mbili, akatulia hapo, akashuka. Ilisikika vizuri. Ilikuwa salama. Alijiambia inatosha, na kwamba wanawake wa sauti ya pili hawajaimba siku nyingi, wasije wakaumia. Uongo mtupu, hakuwa akiwaonea huruma wao.

Akahifadhi. Akafunga, akafungua. Mstari ulikuwepo. Akaurudisha wimbo kwa mwenyewe, na juu yake akaandika jibu. Alianza "Ndugu mtumiaji," akalifuta. Alianza "Baba," mkono ukagoma. Mwishowe aliandika: "Mstari wa sauti ya pili umerudi. Tafadhali utazame." Timu hakuitaja. Akazima kompyuta, akarudi nyumbani, akalala na nguo zake, mtu amechoka kama aliyepasua kuni.

Siku iliyofuata, kimya. Alifungua maoni kila baada ya muda mfupi: mbuzi, wino, rangi, wino. Mchana akampigia Shangazi, akauliza habari za magoti. "Magoti hayajambo," Shangazi akasema. "Na baba yako yu ndani, amejifungia na kompyuta chumbani, hatoki, anaimba peke yake kama kichaa. Kuna nini?" Dada Maoni akasema hakuna kitu. Hakula siku hiyo pia. Aliwaza: amekasirika. Ameona nimepanda tena, amesema huyu hajafunzika. Au ameona ni mtu tu wa kampuni aliyeingiza mkono mahali pasipo pake, ameifunga programu kama alivyoapa, basi imekwisha. Roho ilimwuma kwa namna ambayo haikuwa imemwuma hata jioni ile ya ukumbini, kwa sababu siku ile angalau alikuwa na hasira ya kushikilia.

Ujumbe ulimfikia Alhamisi, chai ya asubuhi ikiwa bado mkononi. Ulikuja kwa njia ile ile, kitufe kile kile cha Toa Maoni.

"Enyi wenye programu. Mstari umerudi na haufutiki tena. Nashukuru. Nina maoni mengine. Kipimo cha nne na cha saba, safi. Kipimo cha kumi na mbili, umeogopa. Nafasi niliyokuachia ni kubwa kuliko hiyo. Panda, Mama. Mazoezi ni kesho saa kumi jioni. Waimbaji hawaijui sauti ya pili, mimi siwezi kuwafundisha, ije yenyewe."

Mama. Alikuwa amepewa jina la bibi yake mzaa baba, na kwa hiyo tangu yuko kwenye nepi Baba hakumwita vingine. Mama njoo, Mama kalale, Mama imba. Miaka mitatu hakuna mtu aliyemwita hivyo, na hakujua kama alikuwa amelikosa neno lenyewe mpaka alipoliona pale, kati ya bwana wa wino na mtu anayeuliza jinsi ya kubadili ukubwa wa herufi.

Alikaa. Chai ikapoa, kama kawaida yake. Kisha akaufungua wimbo, akaenda moja kwa moja kipimo cha kumi na mbili, akafuta zile hatua zake mbili za woga. Akapanda. Akapanda mpaka juu, akagusa pale ambapo sauti ya kwanza ilikuwa ikikaa zamani, na sauti ya kwanza ilikuwa imeshahama, haikumgusa. Akaisikiliza mara moja tu. Hata yule mbuzi aliiimba vizuri.

Akaandika jibu: "Baba, shikamoo. Nimeyapokea maoni yako. Nimeyafanyia kazi." Akatuma kabla mkono haujageuka.

Halafu akanyanyuka, akaenda chumba cha pili, akampiga Fundi begani. Fundi akaruka.

"Kesho natoka mapema," Dada Maoni akasema.

"Na maoni?"

"Yatanisubiri," akasema, akarudi mezani kumjibu bwana wa wino.